Ukifika St Helena, anzia Rupert's

Nilipokuwa St Helena, karibu kila niliyeamkiana naye barabarani aliniuliza kama nimeshaliona kaburi la Napoleon. Hakuna aliyeniuliza kama nimeshafika Rupert's. Kazi yangu ni kutembeza wageni Mji Mkongwe, naifanya tangu usichana wangu, na najua kwamba kile mwenyeji anachokitaja mwanzo ndicho mgeni atakachokwenda kuwasimulia watu wa kwao. Ndiyo maana jambo hili limenikaa moyoni.

Kisiwa chenyewe ni kidogo. Kina kilomita za mraba 122 hivi, Unguja inakizidi zaidi ya mara kumi, na kiko peke yake katika Atlantiki ya kusini, karibu kilomita 1,900 kutoka pwani ya Angola. Mpaka 2017 watu walikwenda kwa meli kutoka Cape Town, siku kadhaa baharini. Sasa kuna ndege ya kutoka Johannesburg, inayotua kwenye uwanja uliojengwa juu ya majabali, mahali penye upepo mkali uliochelewesha safari za abiria hata baada ya uwanja kumalizika.

Kwa mtu anayependa kutembea kwa miguu, sijaona mahali pa kupafananisha napo. Juu ya mji wa Jamestown kuna ngazi ya Jacob's Ladder, vidato 699 vilivyosimama wima ubavuni mwa mlima. Ukienda kati ya kisiwa, njia ya Diana's Peak inakupandisha hadi zaidi ya mita 800 juu ya usawa wa bahari, ndani ya ukungu na mikangaga mirefu kama miti, katika msitu wenye mimea isiyoota popote pengine duniani. Njia nyingi huishia kwenye kisanduku chenye daftari na muhuri. Unaandika jina lako, unagonga muhuri kwenye karatasi yako, unarudi. Watoto wanapenda sana, na mimi pia nilipenda.

Kuanzia Disemba hadi Machi wanakuja papa potwe. Watu wa Mafia wanawajua vizuri, lakini wanaoonekana Mafia wengi wao ni madume wachanga. Huku wanakuja wakubwa, majike kwa madume, na wataalamu wanakihesabu kisiwa hiki kuwa mahali adimu pa kuwasoma. Kwenye bustani ya nyumba ya gavana yuko Jonathan, kobe aliyeletwa kutoka Ushelisheli mwaka 1882 akiwa tayari mtu mzima. Wanakadiria alizaliwa karibu 1832. Macho yake hayaoni tena, wanamlisha kwa mkono. Nilimtazama nikawakumbuka kobe wetu wa Changuu, ambao asili yao nao ni Ushelisheli.

Haya yote nayasifu kwa moyo mmoja. Sasa nije kwenye makaburi.

Napoleon aliletwa hapa mfungwa mwaka 1815, akafa Longwood tarehe 5 Mei 1821. Alizikwa katika bonde zuri lenye kivuli, na jiwe lake halikuandikwa jina kwa sababu Wafaransa na Waingereza hawakukubaliana liandikwe vipi. Mwaka 1840 mwili wake ulifukuliwa ukapelekwa Paris, na huko uko hadi leo. Kaburi lililobaki ni tupu. Hata hivyo lina uzio, maua na njia iliyofyekwa vizuri, na Ufaransa inalimiliki na kulitunza pamoja na nyumba ya Longwood.

Rupert's ni bonde la jirani na Jamestown. Baada ya Uingereza kupiga marufuku biashara ya watumwa, manowari zake zilikuwa zikikamata majahazi ya watumwa baharini na kuyaleta hapa. Kuanzia 1840 hadi miaka ya mwanzo ya 1870 waliteremshwa Waafrika zaidi ya 25,000. Walikuwa wameachiwa huru, lakini wengi walikuwa mahututi kwa ndui, kuhara na njaa ya safari. Karibu 8,000 walikufa wakazikwa katika bonde hilo. Waliopona, wengi wao walipakiwa tena melini kwenda kufanya kazi visiwa vya Karibi na Cape.

Ilipochongwa barabara ya kupeleka vifaa vya kujengea uwanja wa ndege, mwaka 2008, mifupa ya watu 325 ilitolewa ardhini. Wengi walikuwa watoto na vijana. Baadhi yao walikuwa bado na shanga zao. Mifupa hiyo ilikaa ghalani Jamestown zaidi ya miaka kumi, mpaka ikazikwa upya Agosti 2022, baada ya watu wachache, akiwemo Annina van Neel, mwanamke wa Namibia aliyekuja kufanya kazi katika mradi wa uwanja huo, kukataa kunyamaza. Maelfu ya wenzao wamo bado katika bonde lile lile, jirani na matangi ya mafuta, kituo cha umeme na gati ya mizigo.

Nilisimama pale nikasoma Fatiha. Sijui dini zao. Nilijua tu kwamba walistahili kuombewa na mtu wa bara lao.

Sisemi wenyeji hawajali. Wao ni watu wakarimu, na wengi wana damu ya Afrika mwilini. Na kutunza wanajua. Kuna kichaka wanachokiita mpingo, si jamaa ya mpingo wetu, ambacho kila mtu aliamini kimetoweka. Mwaka 1980 vikaonekana viwili tu kwenye genge la bahari. Leo vimeoteshwa kwa maelfu. Wanaoweza kuyafanya hayo kwa kichaka hawashindwi kulipa bonde la Rupert's uzio, njia nzuri, na bao lenye majina ya majahazi na tarehe zake, maana kumbukumbu za mahakama iliyosikiliza kesi za majahazi hayo zipo.

Sisi wa Zanzibar tuna deni letu pia. Seyyid Khalid bin Barghash, aliyekalia kiti cha enzi Agosti 1896 akapigwa mizinga na Waingereza, alikimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani hapa kwetu, kisha kwa Wajerumani Dar es Salaam. Waingereza walipomkamata 1916 walimhamishia huko St Helena, kabla ya kumpeleka Ushelisheli na hatimaye kumruhusu arudi pwani, akafia Mombasa 1927. Nawasimulia wageni vita vile kila wiki, mbele ya Beit el Ajaib, na zamani hadithi nilikuwa naikatia kwenye mlango wa ubalozi mdogo wa Ujerumani. Tangu nirudi naimalizia St Helena.

Kwa hiyo ukijaaliwa kwenda, panga hivi: asubuhi ya kwanza Rupert's, kabla jua halijawa kali, maana bonde lile halina kivuli. Mchana Jonathan. Diana's Peak iache mpaka siku ambayo mawingu yamepanda. Longwood nenda pia, nyumba ina mengi ya kufundisha. Na mwenyeji akikuuliza kama umeshaliona kaburi, muulize kwa adabu ni la nani analokusudia.