Hofu ya Mungu haipandwi kwa vitisho

Ukisikiliza mawaidha yanayosambazwa kwa simu na kurushwa redioni, hasa Ramadhani inapokaribia, utaona mada moja inarudiwa kuliko nyingine zote: adhabu. Maiti anavyobanwa kaburini, nyoka wanaomsubiri, moto ulivyo mkali. Msikilizaji hushtuka, pengine hulia, na wahubiri wengi huyachukua machozi yale kuwa ni dalili kwamba kazi imefanyika. Mimi nasema bado haijafanyika. Hofu inayopandwa kwa vitisho haidumu, kwa sababu inamfundisha mtu kuiogopa adhabu bila kumjua Mwenye kuadhibu. Adhabu ikishamtoka akilini, na hutoka upesi, hubaki hana cha kumzuia. Kumcha Mwenyezi Mungu kunakotakiwa na Uislamu huzaliwa na kumjua Yeye, na kumjua kunadai kazi ya polepole ya kusoma, kutafakari na kuswali kwa utulivu. Kazi hiyo ndiyo tuliyoiacha nyuma.

Tuanze na sura ya Fatir, aya ya 28, ambayo mara nyingi hutolewa kipande: kwamba wanaomcha Mwenyezi Mungu hasa, katika waja wake, ni wale wenye elimu. Kipande hicho kikisomwa peke yake huonekana kama sifa ya wenye vilemba. Lakini isome kuanzia aya iliyotangulia. Inatajwa mvua inayoshuka, matunda yanayotoka kwa rangi mbalimbali, milima yenye mistari myeupe na myekundu na mingine myeusi sana, kisha watu, wanyama na mifugo, nao kila mmoja kwa rangi yake. Baada ya hayo yote ndipo wanapotajwa wenye elimu. Katika aya hizo mbili moto haukutajwa kabisa. Mtu anaonyeshwa ulimwengu, anaambiwa autazame vizuri, na kicho kinakuja kama tunda la kutazama kule. Vivyo hivyo sura ya Ar-Rahman, aya ya 46, na An-Naziat, aya ya 40, zinapoahidi Pepo, zinamwahidi aliyeogopa kusimama mbele ya Mola wake. Kinachomtia hofu mja huyo ni ukubwa wa Yule atakayesimama mbele yake.

Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alilichambua jambo hili kwa makini ambayo sijui nani amempita. Katika Ihya Ulumuddin, kwenye kitabu cha siri za Swala, anataja mambo sita yanayoipa swala uhai: moyo kuwapo, kufahamu kinachosemwa, kutukuza, kicho, matumaini na haya. Tazama kicho kimewekwa wapi. Kimekuja baada ya kutukuza, na kutukuza kumekuja baada ya kufahamu. Anaeleza pia kwamba mtu humwogopa nge, lakini hofu ya nge haiitwi kicho. Kicho ni hofu inayotokana na kumwona mkubwa yule unayemwogopa. Tofauti hiyo inatosha kuyapima mahubiri yetu. Anayesikia habari za nyoka wa kaburini kila wiki anajifunza kumwogopa nyoka. Utukufu wa Mwenyezi Mungu hajafundishwa bado, na huenda akafika uzeeni hajaufundishwa.

Kama Ghazali yuko sahihi, na naamini yuko sahihi, basi shule ya kwanza ya kicho ni swala yenyewe. Bukhari na Muslim wamepokea habari ya mtu aliyeingia msikitini akaswali harakaharaka, akaenda kumsalimia Mtume (S.A.W.), naye akamrudisha akaswali tena kwa kuwa hakuwa ameswali. Akarudishwa mara tatu, mpaka akaomba afundishwe. Alichofundishwa ni kutulia: atulie katika rukuu, anyooke sawasawa akiinuka, atulie katika sijda. Madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, yanahesabu utulivu huo kuwa nguzo ambayo swala haisihi bila yake. Sasa tazama tarawehe katika misikiti yetu mingi. Imamu anayesifiwa ni yule anayemaliza mapema. Maamuma wanainuka kabla viungo havijakaa, na Fatiha inasomwa kwa pumzi moja. Watu hawa hawa ndio wanaosubiri mhubiri awatie hofu ya Mungu kwa sauti kubwa ya kipaza sauti, ilhali wamekwishaupita upesi mno mlango ambao hofu hiyo ingeingilia.

Nao ufahamu, ambao Ghazali ameutanguliza, hauhitaji mtu awe mwanachuoni. Tafsiri ya Qurani ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy ilikamilika mwaka 1969, na tangu hapo Mswahili hana tena udhuru wa kusema kwamba maana ziko mbali naye. Mwislamu huisoma Fatiha si chini ya mara 17 kila siku katika swala za faradhi peke yake. Ni aya saba tu. Mama wa nyumbani, dereva wa daladala na mvuvi wa Pemba, kila mmoja anaweza kuzijua maana zake kabla mwezi haujaisha, akajua anamwita nani anapomwita Mola wa walimwengu wote na Mwenye kumiliki siku ya malipo. Na mvuvi, kwa kweli, amekwishapata nusu ya darsa. Bahari ya kusi na bahari ya kaskazi zimemwonyesha udogo wake kuliko khutba yoyote. Kilichobaki ni mtu wa kumwonyesha kwamba alichokiona baharini ndicho anachosomewa msikitini.

Watasema wengine: Qurani yenyewe imejaa habari za Jahannamu. Kweli, na anayezifuta amepunguza dini. Juzuu ya Amma, ambayo watoto wetu huanza nayo chuoni, inazo kwa wingi. Ila tuangalie vitisho hivyo vinamlenga nani. Sura ya Al-Mutaffifin inamtishia anayepunja vipimo, na inauliza iwapo watu hao hawadhani kwamba watafufuliwa kwa siku iliyo kubwa. Al-Maun inawatishia wanaoswali huku wameghafilika na swala zao, wanaojionyesha, na wanaomnyima jirani hata msaada mdogo. Kitisho cha Qurani kinamfikia mtu dukani kwake na kwenye uhusiano wake na jirani. Kwetu kimekuwa kisa cha kusisimua kisichomgusa mfanyabiashara aliyekaa safu ya mbele. Hata utenzi wa Al-Inkishafi wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, unaotaja moto waziwazi kuelekea mwisho wake, haukuanza na moto. Mshairi aliuzungumzisha moyo wake mwenyewe kwanza, akauonyesha dunia inavyohadaa na majumba ya fahari ya Pate yalivyobaki magofu. Moto umefika kwa msikilizaji ambaye tayari anatafakari. Mpangilio huo ulijulikana pwani hii zamani, na sioni sababu ya kuupoteza.

Upande wa pili wako wanaosema kwamba hofu imepitwa na wakati, kwamba Mwenyezi Mungu ni mwingi wa rehema na yatosha kumpenda. Hoja hii inawavutia vijana wengi waliochoshwa na vitisho, na siwalaumu. Lakini haisimami mbele ya maisha ya Mtume mwenyewe. Alikwishaambiwa kuwa amesamehewa, na bado alisimama usiku katika swala mpaka miguu ikavimba. Bibi Aisha alipouliza sababu, alijibiwa kwamba huo ni wajibu wa mja mwenye kushukuru. Huyo hakuwa anaikimbia adhabu. Aisha huyo huyo aliuliza kuhusu watu wanaotajwa katika sura ya Al-Muminun, aya ya 60, wanaotoa wanachotoa huku nyoyo zao zina hofu: je, ni walevi na wezi? Jibu likawa kwamba ni wafungao, waswalio na watoao sadaka, wakichelea wasije wasikubaliwe. Anayempenda Mola wake ndiye anayejali iwapo amemridhisha. Mapenzi yasiyo na kicho huishia kumfanya Mungu awe rafiki wa kuitikia kila tunalolitaka.

Wala kicho hicho hakimvunji mtu. Watu watatu walipotaka kuzidisha ibada, mmoja asilale usiku, mmoja asifungue mchana, mmoja asioe, Mtume aliwakataza, akawaambia kwamba yeye ndiye anayemcha Mungu kuliko wao, na bado anafunga na kufungua, anaswali na kulala, na anaoa. Mwislamu aliyejaa wasiwasi, anayerudia udhu mara nyingi na kudhani kila kosa limemtoa katika rehema, hajazidiwa na uchamungu. Amefundishwa vibaya, na waliomfundisha wana sehemu yao katika maradhi yake. Sura ya Az-Zumar, aya ya 23, inasema ngozi za wanaomcha Mola wao husisimka, kisha ngozi na nyoyo zao hulainika kwa kumkumbuka. Palipo na msisimko usiofuatwa na ulaini, pana kasoro katika mafundisho.

Kwa hiyo naomba jambo moja kwa maimamu, kamati za misikiti na walimu wa vyuo. Ramadhani ijayo, punguzeni mwendo wa tarawehe hata kama waumini watanung'unika siku za mwanzo. Na ile nusu saa ya mawaidha ya kutisha igeuzeni iwe ya kueleza maana ya aya zitakazosomwa usiku huo, kwa Kiswahili, aya chache kila siku, mkianza na Fatiha.