Mwenye hoteli, faida yako inapitia bombani

MZEE anapostaafu na kulipwa pensheni yake, mazungumzo katika familia nyingi za mijini siku hizi hayawi tena ya shamba wala matatu. Huwa ni ya hoteli. Sisemi hoteli ya chai na mandazi, bali ile ya vyumba 30 au 40, yenye ukumbi wa semina na mahali pa kuegesha magari. Hatimiliki ya ploti hupelekwa benki, mkopo hutoka, na ghorofa huanza kupanda. Watoto nao huambiwa wawe na subira, karo italipwa na wageni.

Hapo ndipo ningependa tuzungumze, msomaji. Wengi wanaoingia katika biashara hii huhesabu pesa zitakazoingia mlango wa mbele na kusahau zinazotoka mlango wa nyuma. Hoteli kubwa ina mhandisi na wahasibu wa kuchunguza kila senti. Kwa nyumba ndogo ya wageni, mwenyewe huzunguka na kufunga mabomba kwa mkono wake. Hii ya kadiri ndiyo iliyo taabani: ni kubwa mno kwa mwenyewe kuona kila kitu, na ni ndogo mno kuajiri mtu wa kazi hiyo peke yake.

Chukua maji ya moto. Tuseme hoteli iko Nakuru au Nyeri, ambako hakuna mgeni atakayekubali kuoga maji baridi alfajiri. Usiku mmoja wamelala wageni 60, na kila mmoja akatumia lita 50 za maji ya moto. Hizo ni lita 3,000. Kuyapasha kutoka nyuzi 20 hadi 60 huhitaji takriban uniti 140 za stima. Tukipiga hesabu kwa shilingi 25 kila uniti (wewe tumia bei iliyo katika bili yako), ni shilingi 3,500 kwa siku, yaani 105,000 kwa mwezi wa siku 30. Hiyo ni mishahara ya wafanyakazi kadha! Na jua liko pale juu ya paa, bure.

Mitambo ya kupasha maji kwa jua ni ghali kununua, sikatai, na siku za mawingu ya Julai stima itabidi isaidie. Lakini hata mitambo hiyo ikipunguza nusu tu ya uniti hizo, zaidi ya shilingi 50,000 zinabaki mfukoni kila mwezi. Gawanya bei atakayokutajia muuzaji kwa kiasi hicho, ujue itachukua miezi mingapi kujilipa. Ni hesabu ya kufanywa kabla ya kumwaga saruji, kwa maana kubomoa kuta ili kupitisha mabomba mapya ni gharama nyingine kabisa. Mchoraji ramani hupenda paa la kupendeza. Muulize tangi litakaa wapi.

Kule Pwani mambo ni tofauti. Joto lipo tele na maji baridi hayamsumbui mtu sana; shida ni maji yenyewe. Mombasa hutegemea maji yanayosafiri kutoka mbali, mathalan chemchemi za Mzima na visima vya Baricho, na mifereji ikikauka malori ya maji hupata soko. Hoteli inayonunua maji ya lori huku choo kikivuja usiku kucha inanunua maji na kuyamwaga. Bomba linalodondosha tone moja kila sekunde hupoteza lita 20 hivi kwa siku. Vyumba kumi vya namna hiyo ni lita 200, na hakuna aliyeoga.

Halafu kuna ile kadi ya bafuni inayomwomba mgeni atumie taulo moja siku mbili ili kuhifadhi mazingira. Si vibaya. Hata hivyo, mgeni akiisoma na kushuka chini akute taa za ukumbi mtupu zinawaka mchana kutwa, ataona kwamba ni yeye peke yake anayeambiwa ahifadhi. Shirika la Ecotourism Kenya, lililoanzishwa mwaka wa 1996, lilianza mwaka wa 2002 kupima hoteli na kuzipa vyeti vya shaba, fedha na dhahabu. Cheti ni kitu kizuri cha kutundika ukutani, lakini benki haitapokea cheti badala ya malipo ya mkopo.

Anayejua hasa pesa zinavujia wapi ni mhudumu anayetandika vitanda na mpishi anayemwaga wali uliobaki. Wapo wenye hoteli wanaomkaripia mhudumu akileta habari ya bomba bovu, eti anawatafutia gharama. Huyo hatasema tena. Nionavyo mimi, ni heri sehemu ya pesa zilizookolewa katika bili igawiwe wafanyakazi mwisho wa mwezi. Mpishi naye akijua kwamba kila sahani inayorudi imejaa inamhusu, atapika kulingana na idadi ya waliolala, na maganda atamwekea mfugaji wa nguruwe kando, bila kuyachanganya na chupa na karatasi.

Kwa wanafunzi wa hoteli mtakaopelekwa mafunzo ya kazini: ombeni ruhusa ya kuona bili za stima na maji za miezi sita, pamoja na kitabu cha wageni. Gawanyeni uniti za kila mwezi kwa idadi ya wageni waliolala. Ikiwa mwezi mmoja kila mgeni alitumia uniti tano, na uliofuata akatumia tisa, ilhali idadi ya wageni ni ile ile, pandeni juu mkaangalie tangi na vipasha-maji kabla ya kumlaumu mgeni.