Stempu, Sanduku na Hatima ya Barua ya Kiswahili: Mtazamo kutoka Kehancha

Imekuwa desturi, kila barua inapozungumziwa, kuitupia simu ya mkononi lawama yote. Husemwa kuwa watu wameacha kuandika kwa sababu wamepata njia ya mkato. Hoja hiyo ina ukweli, ila ni nusu ya ukweli. Yeyote aliyewahi kushughulika na posta katika mji kama Kehancha, huko Kuria katika Kaunti ya Migori, anafahamu kwamba barua ina gharama nyingi zisizoandikwa kwenye stempu, na kwamba kila zinapopanda kuna mtu mmoja zaidi anayeweka kalamu chini. Maoni yangu ni kuwa sisi tunaojiita wanafunzi wa Kiswahili tumelinyamazia jambo hili kana kwamba ni la wahasibu, ilhali linatuhusu ndewe na sikio.

Hebu tuzihesabu gharama zenyewe. Stempu ndiyo inayotajwa na wengi. Hata hivyo, nchini Kenya tarishi hapigi hodi kijijini. Barua hulala katika sanduku, na sanduku hukodishwa kwa ada ya kila mwaka. Maana yake ni kwamba hata mpokeaji hana budi kulipa ili aweze kuandikiwa, na asiyelipa hana anwani. Kisha kuna nauli. Mtu wa kijijini hupanda bodaboda hadi mjini kutazama kama ameandikiwa, na aghalabu hurudi mikono mitupu. Ukijumlisha hayo yote, stempu huenda ikawa ndiyo gharama ndogo kuliko zote.

Gharama hizi zimezaa mazoea yake. Zoea la kwanza ni kuazima sanduku. Anwani inayoishia kwa ‘40413 Kehancha’ mara nyingi si ya mtu bali ni ya shule au kanisa, na barua huandikwa ‘kupitia kwa mwalimu mkuu’. Utaratibu huu una wema wake, lakini tujiulize: ni nani atakayemwandikia mchumba wake, au kumweleza ndugu yake mgogoro wa shamba, akijua kuwa bahasha itapita mikononi mwa mwalimu, karani na mwanafunzi aliyetumwa kuipeleka? Kwa hiyo sanduku la kuazima huchuja maudhui. Yanayobaki ni maombi ya kazi, barua za kujiunga na shule na matangazo ya benki. Barua ya kirafiki, ile tunayoisifu darasani kwa uhuru wa lugha yake, ndiyo inayokufa kwanza.

Zoea la pili ni kumkabidhi dereva au kondakta wa matatu bahasha, pamoja na kitu kidogo cha ahsante. Njia hii ni nyepesi na ni ya haraka, nami siwalaumu wanaoitumia. Ila matatu hufika inakofika, na bahasha ikipotea hakuna wa kuulizwa.

Mpakani ndiko tatizo hili linakodhihirika zaidi. Wakuria wanaishi pande zote mbili, Kenya na Tanzania. Mtu wa Kehancha ana shangazi Tarime na binamu Sirari. Hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki iliposambaratika mwaka 1977, huduma za posta za nchi hizi zilikuwa chini ya shirika moja lililokuwa na makao makuu Kampala, na kwa miaka mingi stempu zilizobeba majina ya Kenya, Uganda na Tanzania zilitumika kotekote. Leo barua ya kutoka Kehancha kwenda Tarime ni barua ya ng’ambo. Jumuiya ilifufuliwa kwa mkataba uliotiwa saini Arusha mwaka 1999, na tangu hapo tumesikia mengi kuhusu soko la pamoja na Kiswahili kama lugha ya kuwaunganisha wananchi. Ni kinaya kwamba lugha hiyohiyo, ikitiwa ndani ya bahasha, huhesabiwa kuwa imekwenda ugenini punde tu inapovuka mpaka.

Wapo watakaouliza tunapoteza nini hasa. Jibu limo rafuni mwa maktaba zetu. Mwaka 2002, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha barua ambazo Shaaban Robert alimwandikia mdogo wake Yusuf Ulenge kati ya 1931 na 1958. Kutokana nazo tunamfahamu Shaaban mwingine: mtumishi wa serikali mwenye mashaka ya kawaida ya kazi, fedha na familia. Bila barua hizo wahakiki wetu wangebaki na mshairi tu. Je, ni nani atakayehariri ujumbe wa simu wa mwandishi wa leo, simu yenyewe ikiwa imeibwa au imezama mtoni?

Ujumbe wa simu una faida nyingi, nami sikusudii kuubeza. M-Pesa, iliyoanzishwa mwaka 2007, ilimwondolea mzazi wa Kuria adha ya hawala ya posta, na hakuna mwenye akili timamu anayetamani foleni ile irudi. Hata wapenzi wa salamu za redio, waliokuwa wakituma kadi zao kwa posta, wamehamia kwenye simu bila kumwaga chozi. Lakini pesa na salamu ni mambo mafupi. Barua ni nathari ndefu ya mtu wa kawaida, aliyeketi akapanga mawazo yake.

Kupandisha bei si dawa, na mataifa tajiri yanatupa ushahidi. Nchini Uingereza, stempu ya daraja la kwanza iliyouzwa peni 95 mwanzoni mwa 2023 ilifikia pauni 1.70 mnamo Aprili 2025. Watu hupunguza barua, mapato hushuka, bei hupandishwa tena. Huko Denmark, shirika la PostNord lilipeleka barua yake ya mwisho tarehe 30 Desemba 2025, na kazi hiyo ikaachiwa kampuni binafsi. Wadenmark walikwisha kuhamishia shughuli zao za serikali kwenye mtandao. Bibi wa Kehancha asiye na simu ya kisasa atahamia wapi?

Kinachoshangaza ni kuwa barua ingali inatahiniwa. Mwanafunzi hukariri anwani, tarehe, mtajo na kimalizio, akapata alama zake, na huenda asitie bahasha posta hata mara moja maishani mwake. Walimu watarajiwa miongoni mwetu wangeweza kuanza na jambo dogo: barua za darasani zitumwe kwa kweli, shule kwa shule, Kehancha na Tarime, na gharama iingizwe katika bajeti ya idara kama inavyoingizwa ya chaki. Nao wanachama wa vyama vya Kiswahili, waliotapakaa katika nchi zote za Jumuiya, wana kila sababu ya kuyaandikia mashirika ya posta ya Kenya na Tanzania wakidai kwamba barua inayotoka mji mmoja wa mpakani kwenda mwingine ilipiwe kama barua ya ndani.