Gari Linalojua Kosa Lake na Kunyamaza

Ukishajulikana hapa Kalamba kuwa wewe ni mtu wa kompyuta, basi wewe ni mtu wa kila kitu chenye taa. Utaletewa simu iliyoingia maji, printa ya saiba, king'amuzi cha televisheni, na siku hizi utaletewa gari. Kazi yangu ni kuandika programu, spana sishiki. Lakini swali ninaloulizwa zaidi siku hizi ni hili: "Nimebonyeza kitufe, gari limenyamaza. Shida ni nini?"

Leo nataka kulijibu mara moja, halafu niseme kinachoniudhi. Mashine kukataa si ajabu, zote hukataa siku moja. Kinachoniudhi ni kwamba gari hili linajua kwa nini limekataa, na halisemi.

KITUFE SI SWICHI

Ufunguo wa zamani ulikuwa swichi kweli. Ukiuzungusha unaunganisha nyaya kwa mkono wako: hatua ya kwanza redio, ya pili taa za dashibodi, ya tatu stata. Kila hatua ilikuwa na dalili yake. Redio inalia lakini stata inatoa "ta!" moja tu? Fundi aliye chini ya mwembe alikwambia shida iko wapi kabla hajafungua boneti.

Kitufe cha kubonyeza hakiunganishi chochote kikubwa. Kinapeleka ombi. Kompyuta ya gari ikilipokea inatoa mawimbi ya chini, kiasi cha kilohezi 125 au 134, yanayofika kama mita moja tu. Ufunguo ulio mfukoni mwako ukiyasikia unajibu kwa mawimbi ya juu, kwa magari yaliyotengenezewa soko la Japani kiasi cha megahezi 312 hadi 315, ukitaja namba ya siri. Gari linahakiki ile namba, linafungua usukani, linaangalia kama umekanyaga breki, linaangalia giya, kisha ndipo linaamrisha stata. Yote hayo kwa muda mfupi kuliko kusema "twende".

Kwa sisi waandishi wa programu, hebu niiandike hivi:

kama (ufunguo_upo NA breki_imekanyagwa NA giya_ni_P_au_N NA usukani_umefunguka NA volti_zinatosha)
    washa_injini
la_sivyo
    nyamaza

Tazama huo mstari wa mwisho. Masharti matano, na jibu la kukataa ni moja. Kompyuta imepima kila sharti, imejua ni lipi limeanguka, kisha imelitupa jibu. Mwanafunzi akiniletea kodi kama hiyo naimrudishia.

NI YAPI YA KUANGALIA, NA KWA MPANGILIO GANI

Kwa kuwa gari halisemi, tunalazimika kulihoji sisi wenyewe. Anza na kile kisichogharimu kitu.

1. Betri kubwa. Tazama dashibodi. Kama taa hazipo, ni hafifu, au unasikia "tatatata" ukibonyeza, usihangaike na ufunguo. Betri iliyojaa husoma kama volti 12.6 gari likiwa limezimwa. Ikisoma 12.0 imekaribia kwisha. Angalia vichwa vya betri kama vina ule unga mweupe au wa kijani, visafishe na uvikaze. Wenye magari ya haibridi sikilizeni hapa: ile betri kubwa ya kuendesha gari haiwasaidii. Kuna betri ndogo ya volti 12, mara nyingi imefichwa nyuma, na hiyo ndiyo inayoamsha kompyuta. Ikifa, gari zima limelala hata kama ile kubwa imejaa. Na kama mlango umekataa kufunguka, ndani ya ufunguo wa rimoti kuna kifunguo cha chuma. Kivute.

2. Betri ya ufunguo. Dashibodi inawaka vizuri lakini gari halioni ufunguo? Kanyaga breki, chukua ufunguo, ugusishe kwenye kitufe chenyewe, ubonyeze. Ndani yake kuna chipu isiyohitaji betri, inapata nguvu kutoka kwenye koili iliyo karibu na kitufe, kama kadi unayogusisha kwenye mashine ya kulipia. Toyota, Nissan na Mazda nyingi hukubali njia hii. Baadhi ya magari ya zamani kidogo yana tundu la kuchomeka ufunguo mzima, na Volkswagen nyingi hutaka uuweke karibu na usukani. Likiwaka, nunua ile betri ya sarafu, aghalabu CR2032 au CR1632, namba imeandikwa juu yake. Toyota yenyewe inasema hudumu mwaka mmoja hadi miwili tu. Pia ondoa ufunguo kwenye mfuko mmoja na simu, na usiuweke ndani ya kasha la chuma la pesa.

3. Swichi ya breki. Mwambie mtoto asimame nyuma ya gari. Kanyaga breki. Taa nyekundu zimewaka? Kama hazikuwaka, kompyuta huenda haijui kuwa umekanyaga, kwa sababu swichi inayowasha taa hizo ndiyo hiyo hiyo inayoulizwa katika magari mengi. Inaweza kuwa swichi, au fyuzi yake tu. Kumbuka pia kwamba ukikanyaga mara nyingi injini ikiwa imezimwa, pedali huwa ngumu na haishuki vya kutosha. Kanyaga kwa nguvu. Toyota nyingi zina mlango wa dharura: vuta hendibreki, weka P, bonyeza mara moja bila breki ili redio iwake, kisha kanyaga breki kwa nguvu na ushikilie kitufe kwa sekunde 15 hivi. Likiwaka, nenda kwa fundi moja kwa moja. Usiifanye kuwa desturi.

4. Giya. Huku umekanyaga breki, toa P weka N, ubonyeze tena. Likiwaka kwenye N, swichi ya giya haisomi P sawasawa.

5. Usukani. Ukiegesha magurudumu yakiwa yamebanwa na jiwe au ukingo wa barabara, kifungio cha usukani hukwama. Tikisa usukani kushoto na kulia huku unabonyeza.

6. Hapo ndipo umwite fundi wa waya na mashine ya kusoma makosa. Na kama stata inazunguka lakini injini haishiki, mara nyingi kitufe kimeshamaliza kazi yake. Tafuta habari za mafuta na plagi.

Mambo mawili ya kutofanya. Usiwaite vijana kusukuma gari la otomatiki, haliwaki kwa kusukumwa, mtachoka bure. Na ukichukua umeme kwa gari jingine, usigeuze nyaya. Nyekundu ikienda mahali pa nyeusi, utakuwa umetengeneza shida ya kompyuta ambayo haikuwepo.

KIMYA KINA BEI

Huku kwetu hili si jambo la starehe. Kiwanda cha kaunti cha kusindika matunda kiko hapa Kalamba, na msimu wa maembe gari lililokataa asubuhi ni maembe yanayoiva kupita kiasi ifikapo jioni. Hospitali ya rufaa ya kaunti iko Wote. Mtu akiwa na mama mjamzito kiti cha nyuma saa nane za usiku, hana nafasi ya kubahatisha kati ya mambo matano.

Mwalimu mmoja ninayemfahamu lilimkatalia karibu na soko. Taa zote zinawaka, stata haizunguki. Aliyeitwa wa kwanza alilitazama, akatikisa kichwa, akasema, "Mkubwa, hii komputa imeungua. Hapa hatuwezi, ni Nairobi." Likaitwa brekidauni. Huko mbele ikaonekana ni swichi ya breki, kidude cha plastiki kinachotoshea kiganjani. Simlaumu fundi sana. Aliulizwa atibu mgonjwa asiyesema anaumwa wapi. Lakini gari lenyewe lilikuwa linajua wakati wote. Lilisoma ile waya ya breki kila alipobonyeza, likakuta hakuna kitu, likanyamaza. Gharama ya kuvutwa hadi jijini ilikuwa bei ya ukimya huo.

Ndiyo maana watu wa huku wanaipenda Probox ya ufunguo wa kuzungusha. Wengi wanadhani ni ushamba. Mimi nadhani ni akili: wanachagua mashine inayoweza kuhojiwa kando ya barabara. Ila uchaguzi huo unazidi kupungua. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo kila mwaka unaopita yanayoshuka Mombasa ni ya kisasa zaidi, na kitufe kinazidi kuwa cha kawaida. Tena mengi yanatoka Japani yakiwa na maandishi ya Kijapani kwenye dashibodi, kitabu cha Kijapani, na mara nyingi ufunguo mmoja tu.

"LAKINI..."

Najua majibu nitakayopewa, ngoja niyatangulie.

La kwanza, usalama: gari likisema sababu, mwizi naye atasikia. Atasikia nini? Kwamba hana ufunguo? Hilo analijua. Namba ya siri ibaki siri, hakuna anayeomba itajwe. "Hujakanyaga breki" haimsaidii mwizi yeyote.

La pili, gharama. Hakuna skrini ya kuongeza. Toyota za kabla ya miaka ya 2000 hazikuwa na skrini, lakini fundi aliunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, akahesabu taa ya injini inavyopepesa, akapata namba ya kosa. Taa moja na waya mmoja! Kompyuta za mezani nazo ziliongea kwa mlio. Kwenye BIOS ya Award, mlio mmoja mrefu na miwili mifupi ulikwambia kadi ya video ina shida, hata kama skrini ni nyeusi kabisa. Kitufe cha gari lako kina taa tayari. Ipepese mara mbili kwa ufunguo, mara tatu kwa breki, mara nne kwa giya. Ni mistari michache ya kodi.

La tatu, kwamba magari mapya huandika. Ni kweli, yapo yanayoandika "ufunguo haujaonekana" na kukukumbusha kukanyaga breki, na nayasifu. Lakini ujumbe ulioandikwa kwa lugha moja tu ni ukimya kwa asiyeijua. Namba na michoro husomeka Tokyo na husomeka Kalamba.

TUFANYE NINI

Wauzaji wa magari ya mtumba: ukurasa mmoja wa Kiswahili ndani ya kila gari, wenye hayo masharti matano na mahali pa kugusisha ufunguo wa gari hilo. Haugharimu kitu, na utampunguzia mteja wako siku mbaya.

KEBS: magari haya tayari hukaguliwa kabla ya kupakiwa melini. Iongezwe kwenye ukaguzi kwamba funguo ziwe mbili, na alama za makosa zieleweke na asiyesoma Kijapani. Gari lenye ufunguo mmoja wa kielektroniki ni gari linalosubiri kukwama.

Wewe mwenye gari: jaribu kugusisha ufunguo kwenye kitufe leo, nyumbani, mchana, wakati hakuna shida. Weka betri ya sarafu ya akiba ndani ya gari. Jua betri ya volti 12 iko wapi.

Na sisi waandishi wa programu tusijifanye watakatifu. Kila siku tunawaandikia watu "Ombi lako halikufaulu, jaribu tena baadaye", huku kwenye logi yetu imeandikwa wazi kwamba namba ya kitambulisho imepungukiwa tarakimu moja. Mtu anajaribu tena baadaye, na tena, na kesho anapanda matatu kwenda ofisini kuuliza. Ni kosa lile lile la kitufe. Programu ikishajua sababu, sababu hiyo si mali yake. Ni ya yule anayesubiri.

Kwa hiyo wiki hii, kabla hujaandika "la sivyo", jiulize ni nani atakayekuwa amesimama upande ule mwingine, na ni saa ngapi usiku. Halafu mwambie ukweli.