Joto la Kondoo na Amana ya Mfugaji



Mwezi huu twapenda kuzungumza habari za mnyama ajulikanaye katika kila nyumba ya Kiislamu, naye ni kondoo. Hapa kwetu Msamala, katika mji wa Songea ulioinuka zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, kipupwe cha Juni na Julai ni kikali. Na Idd ya kuchinja, ambayo hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka wa kizungu, iliangukia mwishoni mwa Juni mwaka 2023, katikati ya Juni mwaka 2024, na mwanzoni mwa Juni mwaka 2025. Basi kondoo wa udhuhiya walinunuliwa, wakasafirishwa, wakafungwa uani katika baridi hiyo. Wako wadhanio kwamba kondoo, kwa kuwa hana ulimi wa kulalamika, hadhuriki. Dhana hiyo si sahihi.

Mwili wa kondoo mzima una joto la kadiri ya digrii 39 za sentigredi, nalo hupita kidogo lile la mwanadamu. Kuni za joto hilo ni chakula. Majani yachachukapo katika tumbo lake kubwa hutoa joto, na hutoa pia asidi ambazo ini huzigeuza nyingine kuwa sukari ya damu. Kwa hiyo kondoo aliyelala na njaa ni kama nyumba ambayo jiko lake limezimwa usiku wa baridi.

Mwenyezi Mungu amemwekea kiumbe huyu wasimamizi wa jiko hilo, nao ni homoni, yaani vichocheo vinavyotolewa na tezi na kuchukuliwa na damu. Juu ya figo zake mna tezi mbili ndogo. Kondoo aonapo mbwa, au apigwapo na baridi ya ghafula, tezi hizo hutoa adrenalini mara moja: moyo hupiga mbio, sukari iliyowekwa akiba katika ini na misuli hufunguliwa, na mafuta huyeyushwa yawe kuni. Dhiki ikiendelea, hutoka kortisoli, ambayo hulifanya ini litengeneze sukari zaidi, hata kwa kuivunja nyama ya mwili wenyewe. Msaada huu ni wa muda tu. Dhiki ikidumu siku nyingi, mnyama hukonda, na kinga yake ya maradhi hupungua. Tezi ya tatu iko shingoni, nayo huamua jiko liwake kwa nguvu kiasi gani siku zote. Tezi hiyo yahitaji madini joto, yaleyale tuyapatayo sisi katika chumvi ya jikoni.

Hikima kubwa zaidi iko kwa mwana-kondoo. Huzaliwa amelowa maji, naye amewekewa mafuta ya kahawia kuzunguka figo, ambayo kazi yake ni kuzalisha joto bila ya kutetemeka, yakiamrishwa na homoni iliyo ndugu wa adrenalini. Lakini akiba hiyo ni ndogo. Asipokaushwa na kunyonya maziwa ya kwanza ya mama yake katika saa zake za mwanzo, akiba humalizika naye hufa, na mwenyewe akasema ni kudura tu, hali sababu ilikuwa mkononi mwake.

Turudi kwa kondoo wa udhuhiya. Akiogopeshwa na kukimbizwa, sukari ya akiba katika misuli yake humalizika kabla ya kisu. Sukari hiyo ndiyo ambayo baada ya kuchinjwa hugeuka asidi inayoisaidia nyama isiharibike upesi. Ikikosekana, nyama huwa nyeusi na ngumu, tena huoza haraka. Haiwi haramu kwa hilo, ikiwa masharti ya kuchinja yametimia. Lakini je, yafaa kumpelekea maskini sadaka ya namna hiyo?

Mtume wetu, Swalla Llahu alayhi wasallam, ametufundisha kufanya wema katika kila jambo, hata katika kuchinja, kwa kukinoa kisu na kumpumzisha mnyama. Na alimkemea mtu aliyekinoa kisu mbele ya macho ya kondoo wake. Yale ambayo wataalamu huyapima leo katika damu, sisi tulikwisha kuamrishwa kuyachunga.

Basi yatupasa haya. Kondoo anunuliwe siku kadhaa kabla ya Idd, apumzike na uchovu wa safari. Apewe maji, na majani makavu jioni, ili jiko lake liwake usiku kucha. Alazwe mahali pakavu pasipopita upepo. Asifungwe peke yake, kwani kondoo aliyetengwa na wenziwe huingiwa na hofu. Wawili wakae pamoja. Watoto wetu wa madrasa, ambao furaha ya Idd huwatuma kuwakimbiza na kuwapanda, wafundishwe kuwa huyo ni amana, wala si mchezo. Na siku ya kuchinja, mmoja asichinjwe mbele ya mwingine.

Mnyama hawezi kutushitaki hapa duniani, lakini iko siku tutakayoulizwa. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wachungaji waaminifu. Amin.