Kompyuta Inapoganda: Kosa ni la Kijiti au la Nafasi?

Kwa muda wa majuma sita kompyuta yangu ya nyumbani iliganda mara kwa mara bila kunipa dalili. Picha ilibaki kwenye kioo, mshale wa kipanya ukakoma, na sentensi niliyokuwa nikiiandika ikakatika katikati ya neno. Siku nyingine iliganda baada ya dakika kumi. Siku nyingine ilifanya kazi tangu asubuhi hadi usiku bila kosa. Hitilafu ya namna hii huchosha kuliko zote, kwa sababu ukiita shahidi mashine hujifanya nzima.

Nilimwita fundi. Aliitazama kwa muda usiozidi dakika tano, akatoa hukumu: "Mwalimu, hii dawa yake ni kupiga Windows upya." Sikumwuliza ametambuaje. Nilikubali, diski ikafutwa, nikalipa, tukaagana kwa shukrani. Jioni ile ndipo nilipokumbuka kwamba maoni yangu juu ya sura tatu za tasnifu ya mwanafunzi wangu wa uzamili yalikuwa ndani ya diski ile, bila nakala mahali pengine. Ilinibidi nizisome upya. Mwanafunzi akakosa tarehe ya kuwasilisha, na mahafali ya mwaka ule yakampita.

Siku ya tisa, kompyuta ikaganda tena.

Naandika makala haya kwa sababu ya siku hiyo ya tisa. Tulikuwa tumelipa gharama ya tiba, na aliyeibeba sehemu kubwa ya gharama hiyo hakuwa mimi wala fundi, bali kijana ambaye hakuhusika kabisa na uamuzi wetu. Ugonjwa nao ulikuwa pale pale.

Safari hii nikaamua kutogusa kitu kabla ya kujua. Kwanza nilinakili kazi zangu zote kwenye diski ya nje, jambo nililopaswa kulifanya tangu mwanzo. Kisha nikafungua daftari. Kila ilipoganda niliandika saa, kazi niliyokuwa nikiifanya, na hali ya umeme. Nilibonyeza pia kitufe cha Caps Lock: taa yake ikiitikia, huenda ni programu moja tu iliyokwama na mfumo bado u hai, isipoitika, yaelekea mashine nzima imesimama. Yangu haikuitikia hata mara moja.

Windows hutunza kumbukumbu ya matukio yake, nami nikaisoma. Nilikuta tukio namba 41 limejirudia mara nyingi. Wengi wakiliona hudhani wamempata mkosaji. Kumbe tukio hilo husema tu kwamba mashine iliwaka tena bila kuwa imezimwa kwa utaratibu. Latangaza kifo, halitaji maradhi.

Nikapuliza vumbi lililoziba feni, kwa kuwa joto likizidi prosesa hupunguza kasi, na likipita kiasi mashine hujizima. Hali ya joto ikashuka, lakini kuganda hakukukoma. Nikapima afya ya diski, maana diski yenye sehemu mbovu huweza kuisimamisha kazi yote ikisubiri data isiyosomeka. Ilikuwa salama. Nikaiwasha kompyuta kwa Linux kutoka kwenye flashi, bila kuigusa kabisa Windows iliyomo. Ikaganda vilevile. Kwa jaribio hilo moja, lisilogharimu shilingi, hukumu ya fundi ilibatilika: hitilafu haikuwa ndani ya Windows, na kuifuta mara mia kusingeiponya.

Walibaki watuhumiwa wachache: umeme, pawa saplai, ubao mkuu na RAM. Niliacha programu ya kupima RAM ifanye kazi usiku kucha, na kulipokucha nikakuta makosa. Kompyuta yangu ina vijiti viwili vya RAM. Nikatoa kimoja, nikapima, kisha nikapima kingine peke yake. Mmoja wao ndiye aliyetoa makosa. Hata hapo sikuwa na haki ya kuhukumu, kwa sababu huenda ubovu ulikuwa katika nafasi kilimochomekwa. Nikakihamishia kijiti hicho kwenye nafasi ya pili, na kile kizima nikakiweka kwenye nafasi ya kwanza. Kosa likakifuata kijiti. Nikanunua kingine kwa bei iliyo chini ya ujira wa fundi, na hadi leo mashine haijaganda.

Ndugu msomaji, jaribio hilo la mwisho ndilo ninalotaka tulitafakari, hasa ninyi mlio watumishi wa umma. Katika ofisi zetu kazi huganda pia. Mwananchi hufika dirishani akaambiwa, "Mfumo unasumbua, njoo kesho." Kesho akirudi husikia maneno yale yale. Malalamiko yakizidi, hatua inayochukuliwa mara nyingi ni kumhamisha mtumishi. Vyombo vya habari hutangaza, watu hupiga makofi, na mwingine hukalia kiti kile kile, kwa bajeti ile ile na taratibu zile zile.

Sipingi kuhamisha. Mimi mwenyewe nilihamisha kijiti. Lakini nilikihamisha ili nijue, nikabaki nikitazama kosa litaelekea wapi. Sisi tunahamisha watu na kugeuza uso. Hakuna anayerudi baada ya miezi sita kuuliza: je, uzembe umemfuata yule mtumishi hadi kituo kipya? Kama umemfuata, awajibishwe yeye, kwani kumhamisha ni kuwapelekea wananchi wengine kijiti kibovu. Au umebaki palepale na kumwambukiza mrithi wake? Basi kasoro imo katika nafasi: katika mnyororo wa saini, katika vitendea kazi, au katika agizo la kutoka juu lisilotekelezeka. Hapo hata tukiteua malaika, ataganda.

Najua nitaambiwa kwamba taifa si kompyuta. Kweli, na tofauti hiyo yaongeza uzito wa hoja yangu. Kijiti cha RAM hakina familia ya kuhamisha wala jina la kuchafuliwa, na bado nilikipa haki ya kupimwa mara mbili kabla ya kukitupa. Mtumishi astahili zaidi ya hapo, na mwananchi aliyenyimwa huduma astahili kujua tatizo lilikuwa nini.

Wanafunzi wangu nawaomba neno dogo. Kompyuta ikiganda, nakili kazi yako kwanza, andika unachokiona, badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, na umwulize fundi ametambuaje. Mkizoea kuuliza swali hilo nyumbani, halitawatisha mkutanoni, mbele ya kiongozi anayetangaza tiba ya ugonjwa ambao haujapimwa.

Yule mwanafunzi wa tasnifu alihitimu mwaka uliofuata. Nilimwomba radhi ana kwa ana, akanisamehe. Mwaka wake sikuweza kumrudishia.