Kabla ya Kuwabadili Wanakijiji

Miezi michache iliyopita tulialikwa kufungua kwa sala semina ya wahamasishaji wa uhifadhi, katika kijiji kimoja kinachopakana na hifadhi ya wanyamapori. Kwa siku mbili vijana walifundishwa kuchora mabango na kutunga nyimbo, wakagawiwa fulana zenye picha ya tembo. Siku ya tatu wanakijiji waliitwa chini ya mwembe ili wahamasishwe. Bibi mmoja akasimama, akamwuliza kijana wa kwanza: "Mjukuu wangu, usiku ule tembo walipomaliza mahindi yangu, wewe ulikuwa wapi?" Kijana akamwonyesha bango.

Hatusimulii haya ili kumcheka. Alifanya kama alivyofundishwa. Kosa li katika mafunzo yanayodhani kwamba watu hutega nyaya porini kwa kuwa hawajui. Wanajua sana. Mtego hutegwa kwa ajili ya kitoweo, au ada ya shule, au kwa hasira ya mtu ambaye shamba lake limeliwa mara tatu wala hakuna mkubwa aliyefika hata kulitazama.

Wala hatusemi kwamba kazi hii haina haja. Mwaka 2009 Tanzania ilikuwa na tembo zaidi ya 100,000. Sensa ya mwaka 2014 ilikuta takriban 43,000 tu. Nguvu nayo tumeijaribu: Operesheni Tokomeza ya mwaka 2013 ilisimamishwa baada ya vilio vya mateso na vifo, na mawaziri wanne wakapoteza nyadhifa zao. Afadhali ushawishi mara elfu. Lakini ushawishi nao una ufundi wake, na ufundi huo haupatikani kwa siku mbili na posho.

Tutazame kisiwa cha Saint Lucia, katika bahari ya Karibi. Katika miaka ya 1970 kasuku wa kisiwa hicho, asiyepatikana penginepo duniani, alikuwa karibu kutoweka. Kampeni iliyoongozwa na Paul Butler iliwafanya wananchi wamwone kasuku yule kuwa wao, na mwaka 1979 akatangazwa ndege wa taifa. Wakaacha kumwinda, naye akaongezeka. Baadaye shirika la Rare likaanza kuwafunza wengine njia hiyo: kwa Kiingereza huko Kent, Uingereza, kwa Kihispania huko Guadalajara, kwa Kiindonesia huko Bogor. Mwanafunzi alifundishwa kuwauliza watu kwanza, kuchagua tendo moja linaloweza kubadilika, kisha kurudi kwao kuendesha kampeni na kupima kama tendo hilo limebadilika kweli. Nasi tunataka mafunzo ya namna hiyo kwa Kiswahili, na kwa vijana wa vijiji vyenyewe, si kwa wageni wanaoondoka na gari Ijumaa jioni. Kanisa haliwapeleki makatekista vijijini baada ya semina ya siku mbili. Sijui kwa nini tembo astahili pungufu.

Tena mhamasishaji asifundishwe kuwabadili maskini peke yao. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kuuawa na mnyama. Yampasa ajue kujaza fomu zake, na kuufuatilia mlango wa ofisi inayozikalia. Huko nako kuna mwenendo wa kubadilishwa. Ajue pia kufunga uzio wa kamba zilizopakwa pilipili, na ule wa mizinga ya nyuki uliojaribiwa Sagalla, karibu na Tsavo, ambao humpa mkulima asali juu ya ulinzi. Mtu mwenye kitu cha namna hii mkononi husikilizwa hata asipoimba.

Semina nyingine inaandaliwa. Tumewaandikia waandaaji kuomba kwamba siku ya kwanza isiwe ya mabango, bali vijana walale wawili wawili katika vibanda vya kulindia mashamba, wakianzia kwa bibi yule. Tunangoja jibu.